Samaki wala nyama katika tangi moja: pima mdomo kabla ya kulipa

Samaki wa mapambo wanaovuliwa pwani ya Kenya husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Miongoni mwa samaki wa biashara hii wamo wala nyama kama mkunga, kikande na samaki simba. Je, mnunuzi ambaye tangi lake tayari lina samaki wengine azingatie nini?

Kwanza, mdomo. Samaki simba humeza mzima kila anayeenea kinywani mwake, naye hufikia zaidi ya sentimita 30. Hesabu ukubwa wa utu uzima, si wa siku ya kununua.

Pili, tabia. Kikande hung'ata. Akiwekwa pamoja na samaki simba, ambaye huogelea polepole, humnyofoa mapezi na kumwahi chakula. Mkunga aina ya Echidna nebulosa ana meno butu ya kuvunjia kaa, hivyo huelewana naye zaidi. Tangi liwe na mapango na mfuniko imara, kwani mkunga hutoroka.

Tatu, zamu. Mkorofi aingie mwisho, wenzake wakiwa wamekwisha kuzoea.

Samaki akimshinda mwenyewe, arudishwe dukani, asitupwe baharini. Samaki simba, wenye asili ya bahari za Hindi na Pasifiki, walionekana Florida mwaka 1985. Inaaminika walitoka matangini. Leo wameenea Karibi, wakila samaki wachanga wa huko.

Muuzaji anayeeleza haya mapema huenda akakosa mauzo ya siku moja, lakini hubaki na mteja.