Je, Sakafu ya Mbao Itachukua Tangi la Samaki?

Katika likizo iliyopita nilipata hesabu moja ambayo haikutoka katika kitabu chochote cha shule. Niliifanya kwa uangalifu, na jibu lake lilikuwa sahihi. Hata hivyo nusura niwatie watu wa nyumbani hatarini. Nimeona vema niieleze humu gazetini, maana hesabu hiyo yaweza kumfika kila mtu aliye na nyumba.

Mjomba wangu anafanya kazi Tanga. Nyumba yake ya hapa Mponde imejengwa penye mteremko, kama zilivyo nyumba nyingi za milima yetu ya Usambara. Upande wa juu umekaa juu ya ardhi yenyewe, na sakafu yake ni ya saruji. Upande wa bondeni umeinuliwa kwa kuta za mawe, na sakafu yake ni ya mbao. Chini ya sakafu hiyo ya mbao kuna chumba kingine, na humo hulala Bibi. Bibi alikichagua mwenyewe, kwa sababu mlango wake watokea shambani na hana haja ya kupanda ngazi.

Siku ya pili ya likizo lilifika lori kutoka Tanga, limepanda kwa njia ya Mombo na Soni, likiwa limebeba tangi kubwa la kioo lililozungushiwa magodoro. Mjomba alikuwa amesoma kwamba samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa hufugwa Ulaya na Marekani katika matangi ya namna hiyo, naye aliona haya kuwa watu wa mbali wawajue samaki wetu kuliko sisi wenyewe. Nia yake ilikuwa kuliweka tangi katikati ya chumba cha mbao, kichwa chake kimoja kikielekea dirishani, ili wageni wapite pande zote mbili na kutazama.

Bibi aliposikia hayo aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, maji yote hayo yatakaa juu ya kichwa changu?"

Mjomba akacheka. "Mama, usiogope. Siku ya harusi walikaa watu ishirini chumba kilekile, wakala, wakanywa, na sakafu haikulia hata mara moja." Kisha akanigeukia mimi. "Mpwa wangu, wewe unasoma Fizikia. Mweleze Bibi yako."

Basi nikachukua kalamu na futi ya kupimia.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mita moja ya ujazo, ambayo ni lita 1,000, ina uzito wa tani nzima. Tangi la Mjomba lina urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60. Chini hutandikwa mchanga wa sentimita 5, na juu yake maji ya sentimita 50. Maji hayo peke yake ni lita 540, yaani kilo 540. Mchanga uliolowa, kwa kukisia tani mbili kwa kila mita ya ujazo, ni kilo 108. Kioo cha unene wa milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Pande nne na kitako cha tangi ni karibu mita 4 za mraba, kwa hiyo kioo ni kilo 120 hivi. Meza ya kulichukua tangi tuliikisia kilo 60. Jumla ni kilo 828. Hayo ni kama magunia manane ya mahindi ya kilo mia mia, yaliyopangwa mahali pamoja, na juu yake mtoto mdogo.

Mjomba alipoona jumla hiyo alifurahi mno. "Watu ishirini wa kilo sitini sitini ni kilo 1,200," akasema. "Tangi ni jepesi kuliko harusi!"

Hapo ndipo penye kosa ambalo watu wengi hulifanya. Swali si kilo ngapi tu. Maswali ni matatu: kilo ngapi, zimekaa wapi, na kwa muda gani.

Wageni wa harusi walitawanyika katika chumba chote. Chumba kina mita 3.6 kila upande, yaani karibu mita 13 za mraba, hivyo kila mita ya mraba ilichukua kilo 92 au 93. Tangi halitawanyiki. Kitako chake ni kama mita moja ya mraba tu, na mahali hapo pana kilo 767. Katika kanuni za ujenzi za Kiingereza, sakafu ya chumba cha kukaa watu hukadiriwa kuchukua karibu kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Harusi ilikuwa ndani ya kadiri hiyo. Tangi limeipita mara tano.

Lakini hata hayo hayatoshi kutoa hukumu, maana mbao za sakafu hazibebi mzigo peke yake. Chini yake kuna boriti, nazo ndizo zinazoupeleka mzigo kutani. Katika chumba cha Mjomba boriti hutoka ukuta wa ndani hata ukuta wa dirisha, na zimeachana kwa sentimita 45. Nilizijua kwa kufuata mistari ya misumari juu ya sakafu.

Ili kuelewa kazi ya boriti, wafikirie wavulana wawili wanaochukua ndoo ya maji kwa mti mabegani mwao. Ndoo ikining'inia katikati, kila mmoja hupata nusu ya uzito, na mti hupindika sana. Ndoo ikisogezwa karibu na mmoja, mti hunyooka, lakini yule aliye karibu nayo hulemewa. Boriti ni ule mti, na kuta ni wale wavulana.

Katika shauri la kwanza la Mjomba, tangi lingelala sambamba na boriti, katikati ya chumba. Uzito wote ungeangukia boriti mbili, kila moja kilo 414, mahali palepale ambapo boriti hupindika kwa urahisi kuliko pote. Siku ya harusi kila boriti ilichukua kilo 150 tu, tena zimeenea tangu ukuta hata ukuta. Nilipopiga hesabu niliona kwamba tangi lingezipinda boriti hizo mbili zaidi ya mara nne ya ilivyokuwa siku ya harusi.

Tena, wageni wa harusi walikwenda zao jioni. Maji hayaendi. Mti uliochukua mzigo mzito kwa miaka huendelea kulegea kidogo kidogo, na mzigo ambao boriti iliustahimili siku moja huenda ukaishinda ukikaa siku zote. Na kabla boriti haijavunjika, sakafu ikilegea upande mmoja tangi hujipinda, na kioo si kitu cha kupindwa.

Hapo Mjomba alikubali kwamba katikati hapafai. Akauliza: "Basi tuliweke wapi?" Nikamjibu kwa furaha ya mtu aliyepata jibu: ligeuzwe, likate boriti badala ya kulala nazo, na lisogezwe ukutani chini ya dirisha. Hapo lingekaa juu ya boriti nne, kila moja ikipata kilo 207, na kwa kuwa mzigo upo karibu na ukuta, kupindika kwake kungekuwa karibu sawa na kule kwa siku ya harusi. Mjomba alinishika mkono kwa furaha. Jioni ile aliwaambia vijana waje kesho yake na ndoo.

Kwa bahati njema, asubuhi kabla ya vijana kufika, alipita fundi seremala mmoja mzee kuja kuitazama ile meza. Nikamwonyesha hesabu yangu. Akaisoma polepole, akasema, "Hesabu ni nzuri. Lakini boriti zenyewe umeziona?"

Nikasema, "La, fundi. Nimezihesabu kwa misumari."

Akaomba tochi, akashuka chumbani kwa Bibi, nami nikamfuata. Akapanda juu ya kigoda, akaanza kuzichoma boriti kwa ncha ya kisu, kwanza katikati, kisha kuelekea ukutani. Katikati kisu kiligonga mti mgumu. Lakini chini ya dirisha, pale boriti zinapoingia ukutani, kisu kilizama hata mpini katika boriti mbili, na unga wa mbao ukamwagika. Ukuta ule ndio unaopigwa na mvua ya masika kutoka bondeni. Maji yalikuwa yakipenya chini ya fremu ya dirisha mwaka hata mwaka, ncha za boriti zikaoza, na wadudu wakazibungua.

Nilisimama pale nimeduwaa, kwa sababu nilikumbuka wale wavulana wawili wenye ndoo. Mzigo ukisogezwa karibu na ukuta boriti haipindiki sana, ni kweli; lakini ncha yake hubeba karibu uzito wote. Kwa hesabu yangu mwenyewe, kila ncha ingechukua kilo 184, na siku ya harusi ilichukua 75 tu. Nilikuwa nimelitoa tangi mahali pabaya na kulipeleka mahali pabaya zaidi, tena juu ya kitanda cha Bibi.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akituangalia. Akasema, "Unga huo huanguka kitandani kwangu kila siku. Mimi huufagia tu. Hakuna aliyeniuliza." Hakuna kati yetu aliyemjibu.

Mambo yaliishia hivi. Vijana walipofika na ndoo zao, tangi lilihamishiwa upande wa juu wa nyumba, juu ya sakafu ya saruji iliyolala juu ya udongo ulioshindiliwa. Sakafu ya namna hiyo haiwezi kupindika kama ya mbao, kwa kuwa ardhi yenyewe huipokea. Fundi alilipima kwa pimamaji, akatandika godoro jembamba la povu kati ya meza na kioo, ili chembe ya mchanga au mkwaruzo wa mbao usilionee kioo mahali pamoja. Boriti mbili zilikatwa na kubadilishwa, na dirisha likazibwa nyufa zake. Mjomba alinung'unika kidogo kwa kulikosa bonde, lakini alizilipa gharama zote bila kusukumwa.

Labda msomaji atasema, "Mimi sina haja ya kufuga samaki ndani ya nyumba." Ni kweli, lakini je, huna pipa la maji? Pipa la lita 200 ni kilo 200, na tangi la plastiki la lita 1,000 ni tani moja likijaa. Je, huweki magunia ya mahindi darini baada ya mavuno? Maji hudanganya macho, kwa kuwa tunayachota ndoo moja moja na kuyaona mepesi. Katika mji wa Berlin, nchini Ujerumani, palikuwa na tangi la samaki lenye kimo cha nyumba ya ghorofa kadha katika ukumbi wa hoteli. Tarehe 16 Desemba 2022, kabla ya jua kuchomoza, lilipasuka, na maji kiasi cha lita milioni moja, yaani tani elfu moja, yakabomoa ukumbi na kumwagika barabarani. Samaki wapatao 1,500 walikuwamo, na walio wengi walikufa. Watu wawili waliumia. Lau kama ingalikuwa mchana, ukumbi ungalikuwa umejaa watu.

Basi, kabla ya kuweka mzigo mkubwa juu ya sakafu ya mbao, yafaa kuuliza hivi. Mzigo una kilo ngapi ukijaa, wala si ukiwa mtupu? Umekaa juu ya boriti ngapi? Boriti zina urefu gani kati ya ukuta na ukuta, na kimo gani? Maana boriti yenye kimo maradufu ina nguvu mara nne, ila yenye upana maradufu ina nguvu mara mbili tu. Mzigo utakaa siku moja au miaka? Na mwisho, ncha za boriti zi hali gani? Hilo la mwisho halijibiwi kwa kalamu. Hujibiwa kwa tochi, kwa kisu cha fundi, na kwa kumwuliza yule alalaye chini yake.

Siku hizi Bibi, ambaye alikuwa hapandi ngazi, hupanda kila jioni kwenda kuwatazama samaki. Husema wamekaa mahali pazuri, naye pia amekaa mahali pazuri.