Gari Lililoijua Siku ya Mtihani

Ndugu msomaji, bila shaka wamjua mtoto anayetulia mwalimu aingiapo darasani. Ndivyo yalivyokuwa magari ya dizeli ya Volkswagen. Katika chumba cha kupimia moshi, magurudumu huzunguka ilhali usukani hautikisiki. Programu iliyofichwa ndani ya gari ikatambua kuwa huo ni mtihani, ikapunguza sumu. Barabarani, gesi za oksidi ya naitrojeni, zinazodhuru mapafu, zilifika hata mara 40 ya kiwango cha Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliyapima yakiwa safarini, wakatangaza matokeo mwaka 2014. Septemba 2015 kampuni ilikiri: magari milioni 11 hivi, duniani kote. Baadhi ya wanunuzi, maskini, waliyachagua kwa kuwa yalitangazwa kuwa safi.