Fundi wa stima, karatasi za mteja si za kufungia njugu

MKULIMA anayetaka stima ya kuendesha pampu au kupoza maziwa humkabidhi fundi mengi kabla waya wa kwanza haujavutwa. Humpa nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, nambari ya simu na maelezo ya kufika bomani. Wengine humtajia hata saa ambazo nyumbani hakuna mtu.

Kazi ikiisha, karatasi hizo hubaki mkobani mwa fundi, au kama picha kwenye simu yake. Nakala zilizoharibika huishia kwa mwuza njugu, ambaye huzikunja na kufungia bidhaa yake. Yamkini mwenye kitambulisho atajua siku atakapodaiwa mkopo asioukopa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Kenya mnamo Novemba 25, 2019, lakini mafundi wengi huichukulia kuwa ya benki na kampuni za simu. Kinachowapotosha ni kanuni za usajili zilizoanza kutekelezwa Julai 14, 2022. Kanuni hizo ziliwaondolea mzigo wa kujisajili kwa Kamishna wa Data wafanyabiashara wenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi. Karibu kila fundi wa mashinani yumo katika kundi hilo.

Hata hivyo, msamaha huo ni wa cheti tu. Wajibu wa kutunza habari za mteja unamfunga hata fundi anayefanya kazi peke yake, vifaa vyake vikiwa vimefungwa nyuma ya pikipiki.

Aidha, fundi aliyeongeza biashara ya kamera za usalama, na ambaye huziendesha mwenyewe kwa niaba ya wateja, hawezi kutegemea msamaha huo. Hiyo ni miongoni mwa kazi zinazolazimu usajili bila kujali mapato. Ada iliyowekwa kwa biashara ndogo ni Sh4,000.

Sheria haimtaki fundi aombe idhini kwa kila jambo. Jina na nambari ya simu anazihitaji ili atimize kazi waliyopatana, na hilo latosha. Mambo huharibika anapompa nambari hizo rafiki anayeuza sola, au anapoweka mtandaoni picha ya mteja na nyumba yake ili kujinadi. Hapo lazima mteja akubali kwanza, na ana haki ya kubadili nia baadaye.

Picha zimewaponza wenye biashara kubwa kuliko za mafundi. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna ilitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule nayo ikatozwa Sh4.55 milioni kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu.

Kisheria, upeo wa faini hiyo ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya biashara ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Kwa biashara inayoingiza Sh800,000, asilimia hiyo ni Sh8,000 pekee. Kinachopaswa kumtia fundi hofu zaidi ni fidia, ambayo haikuwekewa kipimo hicho. Mteja anaweza kuidai kwa hasara ya pesa, na hata kwa fadhaa aliyopata.

Kinga yenyewe haina gharama. Fundi akishawasilisha maombi, arudishe nakala au azichome, na afute picha. Simu yenye vitambulisho vya wateja lakini isiyo na nambari ya siri ni sawa na stoo isiyo na kufuli. Ikiibwa na kuwe na hatari ya wateja kudhurika, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu fundi ajue, na wateja nao waambiwe.

Kwa upande wake, mkulima aandike kwa kalamu juu ya kila nakala: "Kwa maombi ya stima tu," na tarehe. Akigundua habari zake zimetumiwa vingine, anaweza kulalamika kwa Kamishna kwa mdomo au kwa maandishi, na lalamiko hilo linafaa kuamuliwa ndani ya siku 90.