Injini ya Mashua Inapokataa Kuwaka

Mashua za uvuvi zinazosukumwa na injini ndogo ya petroli iliyofungwa tezini zimeenea sana katika mwambao wa Afrika Mashariki na katika Ziwa Viktoria. Chombo cha namna hiyo si kigeni tena. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alitengeneza injini yake ya kufunga nyuma ya mashua katika mji wa Milwaukee mwaka 1909, na muundo wake wa msingi ungali unatambulika katika nyingi ya injini za leo. Ugonjwa wake mkubwa nao haukubadilika: siku moja kamba huvutwa, huvutwa tena, na injini haiwaki.

Nchi kavu jambo hilo ni usumbufu tu. Baharini ni hatari. Mkondo wa bahari upitao mbele ya mwambao wa Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na pepo za kusi huuongezea nguvu. Mkondo wa mwendo wa mita 1 kwa sekunde huchukua chombo kilomita 3.6 kwa saa. Nahodha anayepoteza dakika 20 akivuta kamba bila mpango atakuwa amesogezwa zaidi ya kilomita moja kutoka mahali alipozimikiwa. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kutia nanga ikiwa kina kinaruhusu. Kazi ya pili ni kufikiri.

Mahitaji matatu

Injini ya petroli, iwe kubwa au ndogo, haiwezi kuwaka bila kupata mambo matatu kwa pamoja: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kadiri ifaayo, mgandamizo wa mchanganyiko huo ndani ya silinda, na cheche ya umeme itokeayo kwa wakati wake. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayafai kitu.

Tuanze na mchanganyiko. Petroli ikiwa katika hali ya umajimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ukiwa chini ya sehemu 1.4 hivi katika kila sehemu 100 za ujazo wa mchanganyiko, moto hausambai. Ukizidi sehemu 7.6 hivi, moto hausambai vilevile, kwa kuwa oksijeni haitoshi. Injini iliyopoa hugeuza sehemu ndogo tu ya petroli kuwa mvuke. Ndiyo sababu ya kuwekwa choki, yaani kilango kinachopunguza hewa iingiayo kwenye kabureta ili petroli izidi kidogo. Choki ikiachwa imefungwa kwa muda mrefu mno, petroli hujaa ndani na kulowesha plagi.

Mgandamizo ni kazi ya pistoni. Mchanganyiko hubanwa mpaka ujazo wake unakuwa kama moja ya sita au moja ya saba ya ulivyokuwa. Gesi ikibanwa upesi hupata joto, na chembe zake hukaribiana, hata moto ukianza huenea kwa kasi na kuisukuma pistoni kwa nguvu.

Cheche hutokana na kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikienda karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Katika injini inayowashwa kwa kamba, sumaku zimefungwa katika gurudumu zito lililo juu ya injini. Gurudumu likizunguka, umeme huzaliwa, kisha hupandishwa hadi maelfu mengi ya volti ili uruke pengo dogo, la kama milimita 1, kwenye ncha ya plagi. Umeme huo huongezeka kadiri sumaku zinavyopita kwa kasi. Mvuto wa polepole hutoa cheche dhaifu, au hautoi kabisa. Mtu aliyechoka huweza kuidhania injini kuwa ni mbovu, kumbe mkono wake ndio uliolegea.

Kwanza yale yanayoonekana

Fundi mwenye busara haanzi kwa spana. Huanza kwa macho, kwa kuwa makosa mengi hayahitaji kufunguliwa kitu. Je, tangi lina petroli? Bomba la mpira limebana sawasawa pande zote mbili? Kile kifuko cha mpira cha kusukumia petroli kimebinywa mpaka kikawa kigumu? Gia iko huru? Kamba ya usalama, ile anayojifunga nahodha ili injini izimike akitumbukia majini, imechomekwa mahali pake? Injini nyingi hukatwa umeme wa plagi kamba hiyo ikichomoka, na hapo hakuna uvutaji utakaosaidia.

Tundu la hewa katika kifuniko cha tangi nalo litazamwe. Petroli ikinyonywa na hewa isipate pa kuingilia, kanieneo ndani ya tangi hushuka chini ya kanieneo ya angahewa, na petroli hukoma kutiririka. Dalili yake ni hii: injini huwaka vizuri, huenda dakika kadhaa, kisha huzimika kama iliyoishiwa mafuta.

Mgandamizo nao hupimwa kwa mkono. Kamba ikivutwa, hapana budi mkono uhisi ukinzani unaokuja na kupita. Ikiwa gurudumu linazunguka kilegevu bila ukinzani wowote, huenda pete za pistoni zimechakaa au upepo unavuja. Hilo ni tatizo la karakana, wala si la kutatuliwa baharini. Nahodha akilitambua mapema ataokoa nguvu zake na kutafuta makasia, tanga au msaada.

Plagi ni shahidi

Yote hayo yakiwa sawa, plagi ifunguliwe na kutazamwa, maana yenyewe imekuwa ndani ya silinda na imebeba ushahidi wa yaliyotokea humo.

Plagi iliyo kavu baada ya kamba kuvutwa mara nyingi inasema kwamba petroli haifiki. Uchunguzi basi ufuate njia ya petroli, kutoka tangini mpaka kwenye kabureta. Plagi iliyolowa petroli inasema kwamba petroli inafika, lakini ama cheche haipo, ama petroli imezidi. Plagi yenye masizi meusi ya mafutamafuta yaonyesha kwamba oili ni nyingi mno au mwako ni hafifu. Plagi yenye matone ya maji haihitaji mfasiri.

Kupima cheche kwahitaji uangalifu mkubwa. Plagi hurudishwa kwenye kofia ya waya wake, na sehemu yake ya chuma hugusishwa kwa imara kwenye chuma cha injini, kisha kamba huvutwa. Ni lazima plagi iwe mbali na tundu la silinda, kwani mvuke wa petroli hutoka hapo, na petroli yoyote iliyomwagika ifutwe kwanza. Mkono mtupu usishike plagi. Cheche yenye afya huwa ya buluu na husikika.

Hata hivyo, jaribio hili lina mpaka wake. Ndani ya silinda gesi imebanwa, na umeme huhitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lilelile. Plagi dhaifu huweza kutoa cheche hewani ikashindwa ndani ya silinda. Kutokuwapo kwa cheche hewani, ikiwa plagi imegusa chuma vizuri na kamba imevutwa kwa kasi, ni ushahidi mzito wa kasoro. Kuwapo kwake si uthibitisho wa uzima. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe katika kila maabara.

Maji na mafuta ya taa

Petroli yenye ila huwachanganya wengi. Maji ya mvua, ya mawimbi na ya umande huingia tangini. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, ilhali lita 1 ya petroli ni kama kilo 0.75 tu, kwa hiyo maji hutuama chini, mahali pale pale mdomo wa bomba la kunyonyea ulipo. Petroli kidogo kutoka chini ya tangi ikimiminwa katika chupa inayoonyesha na kuachwa itulie, maji yataonekana yamejitenga.

Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Petroli hutoa mvuke uwezao kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri za Selsiasi, lakini mafuta ya taa huhitaji kama nyuzi 38 juu ya sifuri au zaidi. Injini baridi iliyotiwa petroli iliyoghushiwa kwa mafuta ya taa huwa nzito kuwaka, na hata zile injini zilizoundwa kutumia mafuta ya taa huwashwa kwa petroli kwanza. Udanganyifu huo umekuwa tatizo la taifa: mwaka 2010 Tanzania ilianza kutia alama maalum katika mafuta ili uchanganyaji ugundulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kwa lengo hilohilo.

Badiliko moja tu

Kosa la mafundi wengi ni kubadili mambo matatu kwa mpigo: plagi mpya, petroli mpya, kabureta kusafishwa. Injini ikiwaka hawajui kilichoiponya. Isipowaka hawajui kilichobaki. Chukua mfano wa injini ya silinda mbili ambayo silinda moja haitoi cheche. Plagi zibadilishane mahali, na jambo jingine lolote lisiguswe. Kasoro ikihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Kasoro ikibaki katika silinda ileile, plagi haina hatia, na koili, waya au kofia ndivyo vya kushukiwa. Jaribio la dakika chache limegawa uwezekano katika mafungu mawili na kulitupa moja. Daktari, mhandisi na mkemia hawana njia iliyo bora kuliko hiyo.

Injini nyingi mpya hazina kabureta. Petroli hunyunyizwa kwa mtambo unaoongozwa na elektroniki. Mahitaji matatu yamebaki yaleyale.

Darasani

Mwalimu asiye na injini aweza kuyafundisha haya yote kwa vifaa vya kawaida. Pampu ya baiskeli, tundu lake likizibwa na mpini ukisukumwa upesi mara kadhaa, huonyesha joto la gesi inayobanwa. Sumaku ikiingizwa katika koili iliyounganishwa na galvanometa, kwanza polepole na kisha kwa kasi, huonyesha kwa nini kamba huvutwa kwa nguvu. Mafuta ya kupikia na maji katika chupa huonyesha jinsi vimiminika viwili vinavyojitenga. Petroli isiletwe darasani kwa jaribio hilo.

Kisha wanafunzi wapewe dalili moja, kama vile "injini huzimika baada ya dakika tano, na kifuniko cha tangi kikilegezwa huwaka tena", waeleze sababu yake na jaribio la kuithibitisha. Wengi wao ni watoto wa wavuvi. Atakayejibu vema leo huenda siku moja akairejesha mashua pwani pamoja na waliomo.