Rangi ya Nywele Huanzia Kwenye Njia

Mteja akitoka saluni na rangi ya mabaka, mashina yamegeuka chungwa na ncha zimebaki nyeusi vilevile, lawama huiangukia rangi. Mimi huuliza kwanza: nywele ziligawanywaje? Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla brashi haijagusa bakuli, na lilifanywa na chombo cha bei rahisi kuliko vyote pale mezani: kitana cha mkia.

Kitana hiki kina kazi mbili. Meno yake membamba hulaza fungu la nywele likae bapa. Mkia wake, mwembamba kama sindano ya kufumia, hupasua njia. Msusi yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anaujua mkia huo, na mkono uliozoea kunyoosha njia za twende kilioni kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni una nusu ya ufundi tayari. Nusu iliyobaki ni hii: kwenye kusuka, njia ni pambo la kuonekana, kwenye rangi, njia ni mlango wa dawa, na kazi ikiisha haitakiwi kuonekana.

Tunaanza na robo nne. Weka ncha ya mkia katikati ya paji la uso, ivute kupitia utosini mpaka kisogoni. Kisha pasua njia ya pili toka sikio hadi sikio. Kila robo ibanwe kwa kibanio chake. Ndani ya robo ndipo hukatwa vifungu vyembamba, unene wa nusu sentimita hivi. Namna ya kupima ni rahisi: lilaze fungu juu ya kidole chako. Kama kidole hakionekani kupitia nywele, rangi nayo haitapita.

Nusu sentimita inazitosha nywele za singa. Za kipilipili hutaka vifungu vyembamba zaidi, maana hujikunja na kusongamana, dawa ikabaki juu juu. Kwanza zichambuliwe kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kurudi mashinani, ndipo kitana cha mkia kiingie. Ukitanguliza meno membamba, utasikia nywele zikikatika kabla hujaziona sakafuni.

Ufundi huu una historia yake hapa London. Fundi wa nywele Vidal Sassoon alifungua saluni yake Bond Street mwaka 1954. Miaka miwili baadaye Winifred Atwell, mpiga piano maarufu kutoka Trinidad, akafungua yake Brixton kwa ajili ya wanawake weusi. Kwa miongo mingi mji uliishi hivyo: mwenye kipilipili alipanda basi kwenda Brixton, Peckham au Dalston, kwa kuwa fundi wa mtaani kwake hakufundishwa kuzishika nywele zake. Mwaka 2021 viwango vya taifa vya kazi hii vilirekebishwa ili mafunzo yahusishe nywele za aina zote. Kwa hiyo usione haya kumuuliza fundi yeyote, wa mtaa wowote, atakavyozigawa zako.

Baada ya mgawanyo ni mpangilio. Kama unafunika mvi, anza pale zilipo nyingi, mara nyingi kwenye panja na paji la uso. Kama unapausha kichwa kizima kwa blichi kwa mara ya kwanza, anza katikati ya unywele na uache mashina mwisho, kwa sababu joto la ngozi ya kichwa huharakisha dawa. Ndiyo siri ya yale mashina ya chungwa. Na kama mteja anataka michirizi tu, mkia hupita juu, chini, juu, chini ndani ya fungu, kama mkono unaosuka ukili. Nywele zilizookotwa hulazwa juu ya foili, nyingine huachwa zidondoke.

Angalizo moja: mkia uteleze juu ya ngozi ukiwa umelala, usichokoe. Mchubuko mdogo usiouona ndio blichi itakaouona kwanza.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko wengine. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ni ya ukoo wa rangi za lami ya makaa, ukoo ulioanzia mji huuhuu mwaka 1856, pale kijana wa miaka 18, William Perkin, alipokuwa akitafuta kwinini akapata zambarau. Piko nyeusi tunayochorwa harusini mara nyingi ina PPD hiyohiyo, ambayo sheria ya Uingereza hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Kwenye rangi ya nywele inaruhusiwa isizidi asilimia 2. Binti aliyewashwa na piko Zanzibar anaweza kuvimba uso miaka mingi baadaye kwenye kiti cha saluni ya London. Ndiyo maana maboksi ya rangi hizi hapa yana onyo: kama uliwahi kudhurika na mchoro wa hina nyeusi, usipake. Wengine wote wajaribiwe kwa tone nyuma ya sikio saa 48 kabla.

Kwa hiyo, msomaji, usianze kwa kuuliza jina la rangi. Fundi akikuuliza habari za piko, akakupa miadi ya jaribio, na siku ya kazi akapasua robo nne kabla ya kufungua tyubu, kaa kitini utulie. Akiruka hata moja, chukua koti lako.