Kotimiri na Mgeni wa Sikukuu

Siku ya Idi, sinia la pilau huandamana na kachumbari iliyotiwa kotimiri. Mara nyingine mgeni huyatenga majani hayo kando, na mpishi akadhani amedharauliwa. Mtoto naye hulazimishwa kuyameza kwa kuhesabiwa mkaidi. Kumbe huenda hapana dharau wala ukaidi.

Harufu ya kotimiri hutokana na kemikali ziitwazo aldehaidi. Nyingine za jamii hiyo hupatikana katika sabuni. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wako watu waliorithi tofauti ndogo karibu na jeni la kunusia liitwalo OR6A2, na hao ndio wepesi zaidi wa kusikia harufu ya sabuni katika majani hayo.

Dawa yake ni nyepesi. Kotimiri na iwekwe katika kibakuli cha peke yake, kila mlaji ajitilie kadiri apendavyo. Ikipondwa, ukali wake hupungua. Mbegu zake zilizokaangwa na kusagwa zina harufu nyingine kabisa, na zaweza kutiwa katika pilau lenyewe. Hivyo hakuna atakayeondoka karamuni na njaa, wala mpishi na kinyongo.