Inalika na Enyasa?

Cheki, msee. Jioni pale base ya boda, Arua, kuna mzae hupita akitupata tumeinamia chesi. Swali lake ni moja, kila siku: "Hiyo kitu inalika na enyasa?" Enyasa, yaani ule ugali wetu. Wazae na maswali yao, noma!

Sasa mzae, shika hii. Phiona Mutesi wa Katwe aliingia kwa coach Robert Katende juu ya kikombe cha uji. Uji! 2012 akatoka Istanbul na title ya Woman Candidate Master, 2016 Disney wakamtolea muvi, Lupita akicheza mathe yake. Inalika.

Lakini leo nadai tubonge kuhusu ubingwa wa Afrika, ule wa kila mtu na kichwa chake. 2016 uliletwa Kampala. Kampala, buda! Basi moja la usiku, unavuka daraja la Karuma ukikoroma, asubuhi uko Arua Park, huko huko Kampala. Abdelrahman Hesham akatua, akachapa wasee, akabeba taji akarudi nalo Misri. Wamisri wamezoea. Bassem Amin, jamaa aliyesomea udaktari kabisa, amelibeba mara kadhaa hadi limekuwa kanzu yake ya Ijumaa.

Mbona nawaka hivi? Juu ya title. Njia ya kawaida, ukitaka u-Grandmaster unasaka norm tatu, yaani matokeo makali kwa mashindano makubwa, na rating 2500, na norm nyingi ziko Ulaya: visa, ndege, hoteli. Hiyo doo hapa Arua inajenga keja na mbuzi anabaki. Ubingwa wa Afrika ndiyo panya route, na hii haina polisi. Kenny Solomon, chali wa Mitchells Plain, Cape Town, aliipita Windhoek 2014, rating ikiwa chini ya 2500. Akashinda, akawa GM wa kwanza wa Afrika Kusini. Chali wa mtaa!

Na Uganda hatujalala. Arthur Ssegwanyi alifika World Cup ya Baku 2015, raundi ya kwanza akapewa Anish Giri, grandmaster moto wa Uholanzi. Akachapwa. Kuchapwa na Giri si soo. Soo ni kulishwa mate ya hatua nne mbele ya manzi wako, halafu unasingizia jua. Soo kubwa zaidi, unagusa farasi kisha unarudisha mkono kama hukumgusa. Ukigusa, umecheza. Hata watoto wa mtaa wa Oli wanajua.

Seti ya mbao? Bei yake ni wizi wa mchana. Sisi tunachora bodi kwa boksi, tunaandika herufi juu ya vifuniko vya soda. Kifuniko cha Mirinda ndiyo queen, na queen wa Mirinda anaua vile vile.

Jumamosi mbogi ya Koboko inashuka. Anayechapwa ananunua rolex, ile ya chapati, mayai mawili, nyanya ndani. Mzae akipita na swali lake, tutamkatia kipande.